Jini wa Mnazi wa Bweni

Siwema mwanangu,

Kabla hujasoma mbele, jua kwanza unaandikiwa na nani. Mafia hii ina watu wengi wenye majina. Wapo wenye mashamba waliyorithi kwa babu zao wa Omani, wapo wenye hoteli kule Utende, wapo wenye ofisi zenye feni. Lakini mtu ambaye kila mnazi wa kisiwa hiki unamtambua kwa nyayo ni mmoja tu, naye ni mimi, baba yako mkubwa, Faraji Hatibu. Wakuu wa wilaya wamekuja na wameondoka, na sijaona hata mmoja aliyekaa kitini akatulia kabla hajauliza, "Huyo Faraji yuko upande wetu?" Gati la Kilindoni lilipotaka kuporomoka injinia aliniita mimi. Sikwenda, nilikuwa nakula. Lakini aliniita.

Basi mtu wa namna hiyo akikaa na kalamu, ujue kuna jambo. Hali yangu ni nzima, ila mkono unauma, maana tangu nitoke darasa la sita sijaandika kitu kirefu kupita jina la mtu kwenye gunia.

Mambo ya begi, ya nauli, ya kuweka simu ndani ya nguo na si mfukoni, mama yako amekwambia tangu Jumatatu mpaka kuku wa uani wameyashika. Ya kusali na kuheshimu wakubwa nayo unayajua. Mimi nina habari moja tu. Nimeianza mara nne, na karatasi tatu zimekwenda kuwashia jiko.

Nianzie Idi iliyopita, Idi pili, pale ufukweni Kilindoni. Upande wako unaukumbuka, ngoja nikwambie wangu. Vijana wamechora duara mchangani, Pandu mbeba magunia ameshawalaza saba, anazunguka kifua mbele anauliza, "Wanaume wa hapa wamehamia Rufiji?" Mara naona mtu kajitosa duarani. Baibui kamtupia mwenzake, ndani suruali ya michezo, mtandio kaufunga kichwani kama mkwezi anayepanda mnazi wenye wadudu sungusungu. Nikasema, huyu mtoto wa nani asiye na haya? Jirani yangu akaniambia, "Wa kwako."

Watu wakapiga kelele. "Pandu, usimwonee mtoto wa watu!" Mwingine, "Pandu, mpishe, amekuja kukuposa!" Ukamwingia chini, ukamkumbatia kiuno kama mtu anayeng'oa shina la mgomba, Pandu akaenda juu na akarudi kwa mgongo. Yule bibi muuza maandazi akamuuliza, "Pandu mwanangu, unatafuta nini hapo chini, umedondosha sindano?" Ufukwe mzima ukalipuka.

Nilisema kwa sauti, wote wasikie, kwamba mbinu ile nimekufundisha mimi. Sikukufundisha. Mikono ile umeipata kwenye kifuo, kwa kufua nazi za watu hapa Miburani tangu una miaka kumi na mitatu, nazi kwa nazi, mpaka jua linachoka wewe bado umesimama.

Ndipo yule mwalimu wa mieleka akaja, yule mama wa Dar es Salaam aliyekuja kumzika shangazi yake, mwenye sikio moja lililovimba kama andazi. Akakuuliza mbele yangu, "Binti, wewe unapigana kwa nini?" Nikangoja useme pesa, au useme televisheni kama wenzako. Ukasema, "Baba yangu alibakisha mara moja."

Mwalimu hakuelewa. Alidhani ni msemo wa visiwani. Mimi nilielewa.

Alipokuja nyumbani kuzungumza na mama yako, nilikuwepo, na ingawa nilizungumza mimi zaidi kuliko wote, nilisikia kila neno. Mama yako aliuliza nguo. Akaambiwa suruali ndefu, mikono mirefu, kilemba cha kubana, na atakayesema neno aje kwa mwalimu mwenyewe. Mama yako akauliza, "Na wanaume?"

"Wanawake kwa wanawake, dada yangu."

"Na mifupa?"

Mwalimu akasema, "Mifupa ndiyo kazi yenyewe, Bi Mwanaidi. Watu wanasema mieleka yetu ya kulipwa ni maigizo. Kweli, mshindi tunampanga. Lakini sakafu hatuipangi. Miezi mitatu ya kwanza binti hatanyanyua mtu. Ataanguka tu. Asubuhi kuanguka, jioni kuanguka."

Nikacheka, nikasema mjukuu wa Hatibu hafundishwi kuanguka, afundishwe kuangusha. Hakuna aliyecheka nami isipokuwa wewe.

Mwalimu akakutandikia mikeka mitatu juu ya mchanga pale uani. "Kidevu kifuani," anakwambia. "Toa pumzi. Piga mkeka kwa mikono yote miwili. Achia mwili." Wewe hukuachia. Kila akikusukuma unakaza shingo, unanyoosha mkono nyuma kushika kitu ambacho hakipo. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Ya sita nilisikia mfupa wa kiwiko ukilia na wewe hukusema hata ah. Akakuinua, akakuuliza kwa upole kabisa, "Nani alikufundisha kwamba kuanguka ni kushindwa?"

Ulinitazama mimi. Kwa fahari ulinitazama, Siwema, kama mtoto anayeonyesha mwalimu daftari.

Wakati wa kuondoka yule mama alinivuta kando kwenye mashina ya migomba. Akasema, "Mzee wangu, huyu ana nguvu kuliko wote nilio nao. Lakini anapigana na anguko. Anayepigana na anguko nimeshamzika mmoja. Kama kuna kitu mlimwambia utotoni, kamwambieni kingine."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika. Mkaniuliza, nikasema ni samaki.

Sasa ile hadithi. Unaijua kuliko mimi ninavyoijua, maana mimi kila mwaka nilikuwa naiongeza na wewe kila mwaka ulikuwa unaihifadhi. Kwamba baba yako, ndugu yangu Shomari, alipanda mnazi mrefu wa shamba la Bweni, ule wa karibu na mnara, na kule juu kwenye makuti akakuta jini amekaa. Kwamba jini alikuwa na mikono mirefu kama makasia. Kwamba walishikana kuanzia jua la dhuha mpaka adhuhuri, na nazi zikimwagika chini kama mvua. Ulipokuwa na miaka mitano uliniuliza, "Baba alimwangusha mara ngapi?" Nikakwambia mara mbili. "Na ya tatu?" Nikasema ya tatu jini alimshika kwa hila, kwa nyuma, si kiume. Ukashuka kitandani ukaenda uani. Nikakukuta umekumbatia shina la mgomba, unasukuma, machozi na kamasi, unasema, "Ya tatu yangu. Ya tatu yangu."

Nilitakiwa kusema siku ile. Badala yake nilirudi barazani nikawasimulia watu jinsi ulivyo shujaa, na wakanimiminia kahawa.

Hakukuwa na jini.

Nimeliandika. Sasa nikwambie yaliyokuwepo, na nitayasema kama yalivyo, nisipambe, ingawa mkono wangu haujazoea.

Sisi wakwezi tunakata vidato kwenye mnazi, zile ngazi za panga unazoziona kwenye shina, mahali pa kutia dole gumba la mguu. Kuna desturi, na marehemu babu yako aliisema kila siku: kidato hupimwa kwa goti la mfupi. Maana mnazi hawapandi watu wa kimo kimoja. Atapanda kaka, atapanda mdogo wake, kesho atapanda mtoto. Unapokata, unamfikiria mfupi kuliko wote katika nyumba yenu, na unakata kwa mguu wake. Wewe mrefu utapanda kwa hatua fupi kama kuku, utaonekana mpumbavu, lakini atapona mtu.

Mimi ni mrefu, unaniona. Shomari alikuwa mfupi, alinifika hapa begani. Na mimi nilikuwa kijana wa kusifiwa. Pale Bweni walikuwa wanahesabu mkwezi anapanda kwa hatua ngapi, kama wanavyohesabu mabao ya mpira. Ule mnazi mtu mwingine angeukata vidato thelathini na tano. Mimi niliukata ishirini na mbili. Nilifungua mguu mpaka nyonga ikalia, nikakata. Watu wakasimama chini wakahesabu kwa sauti, na nilipofika kwenye makuti wakashangilia. Baba yetu aliniona. Akasema, "Faraji, huo umekata wa kwako peke yako. Shuka ukate vya katikati." Nikasema nitakata kesho. Ilipita miaka miwili, baba akafa, kesho haikuja.

Siku yenyewe ilikuwa zamu yangu kuangua. Mnunuzi wa nazi alikuwa amekuja na lori, usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, mashina yana utelezi. Watu walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha lori nami nawasimulia. Unajua nilikuwa nasimulia nini? Jinsi nilivyompanda potwe mgongoni, yule papa mkubwa wa madoadoa, mpaka nikaona taa za Kilwa. Uongo mtupu. Nilikuwa nimefika mahali pazuri. Shomari akaja na panga begani.

"Kaka, jua linapanda."

"Tangulia, nakuja."

"Ule mnazi wako siupendi."

Nikawageukia watu, nikasema, "Mnamsikia? Bwana harusi anaogopa mti!" Walikuwa wanamtania hivyo, bwana harusi, kwa sababu alikuwa anampenda mama yako waziwazi. Wakacheka. Naye akacheka. Akapanda.

Kupanda si kazi, mwanangu. Kupanda unaona. Unakumbatia shina, unajivuta, kidato kiko mbele ya macho. Aliangua makole mawili ya nazi, yakashuka salama. Kushuka ndiko kubaya, kwa sababu mguu unatafuta usichokiona. Akafika robo ya shina kutoka juu. Nikamsikia akiita, si kwa hofu, kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayeuliza kiberiti kiko wapi.

"Kaka! Kidato kiko wapi?"

Nilikuwa nimempa mgongo. Potwe alikuwa anazama nami. Sikugeuka hata shingo. Nikasema, "Chini yako! Shusha mguu!"

Akashusha mguu, kwa sababu kaka yake amemwambia.

Sitakuandikia sauti. Nitakuandikia kitu kingine, ambacho sijawahi kumwambia mtu, na mwaka huu ndio nimejua uzito wake. Alikuwa hai. Macho wazi, ananitazama. Akasema, "Kaka, siisikii miguu." Mimi nikamwingiza mikono kwenye makwapa nikamwinua. Nikamwambia simama, wewe mwanamume, simama watu wanatazama. Nikamwinua mara mbili, Siwema. Kichwa kikaenda upande. Yule mwalimu wako alipokuwa anakufundisha pale uani alisema, kama jambo dogo, kwamba mtu aliyeangukia shingo haguswi, hainuliwi, anaachwa hapo hapo alipo mpaka waje wanaojua. Alisema huku anakunja mkeka. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na sikujua nikiweke wapi.

Tulimpakia kwenye lori, juu ya nazi, kumpeleka hospitali Kilindoni. Barabara ya Bweni unaijua leo. Wakati ule ilikuwa mbaya mara mbili. Nilimshika kichwa mapajani, na kila shimo alikuwa anafumba macho. Hakunilaumu. Aliniuliza mara moja tu kama makole yale mawili yamepakiwa. Tulipofika Kirongwe nilimwambia dereva apunguze mwendo, dereva akatazama nyuma, akazima injini. Inna lillahi.

Hapo Kirongwe watu walikusanyika wakauliza, ikawaje? Nami nikafungua mdomo, ukatoka uongo ule unaotoka siku zote. Nikasema, "Kuna kitu kilimvuta." Ni hayo tu. Sikusema jini. Mzee mmoja ndiye aliyesema, "Basi ni jini, ile minazi ya mnarani ina wenyewe." Nikaitikia kwa kichwa. Kufika siku ya hitima jini alikuwa na mikono.

Siku ya nne nilikwenda Bweni peke yangu na panga, kukata vile vidato vya katikati. Nisikudanganye kwamba nilikwenda kuusahihisha mti. Nilikwenda kuficha. Nikamkuta mama yako pale. Alikuwa kwenye eda, hakutakiwa kutoka, lakini alikuwa amesimama kwenye shina, kanga ameikunja kwa urefu wa mguu wa mumewe, anaipima kati ya kidato na kidato. Nafasi ya kwanza, kanga ikapungua. Ya pili, ikapungua. Hakugeuka. Akaniuliza, "Shemeji, mguu wa nani huu?"

Nikasema, "Bi Mwanaidi, ni jini."

Alikunja ile kanga taratibu mpaka ikawa kama kitambaa cha mkono. Akasema, "Haya. Ni jini. Mtoto ana miaka minne, amebakiwa na baba mmoja mwongo, nikimnyang'anya na huyo atabaki na nani? Mlee. Ukimlea vizuri, huyo jini wako mimi sitamuulizia."

Miaka kumi na sita hajamuulizia. Umeishi nyumba moja na watu wawili wanaojua, ukifikiri mama yako ni mkimya kwa sababu ya shida za maisha, kumbe alikuwa amenishikia siri yangu mdomoni kama mtu aliyeshika pini za nguo.

Na mimi nilikulea. Hilo nitajisifu nalo na hakuna atakayenizuia. Lakini nilikulea juu ya ule uongo kama nyumba iliyojengwa juu ya mzinga wa nyuki. Nilipenda ulivyonitazama nilipokuwa nasimulia. Hapo ndipo nilipokosea zaidi kuliko kwenye mnazi, maana kwenye mnazi nilikosea mara moja, na kwako nimekosea kila uliposema, "Baba mkubwa, nisimulie tena."

Sasa unakwenda mahali ambapo uongo huu unaweza kukuvunja shingo. Ndiyo sababu nimeandika. Si kwa kuwa nimekuwa mtu mwema uzeeni. Ningeweza kufa nao, nilishajiandaa. Ni kwa kuwa nilikuona ukinyoosha mkono nyuma, ukitafuta kushika kitu hewani, na nilikijua unachotafuta.

Hakuna mara ya tatu, mwanangu. Baba yako hakubakisha kitu. Hakuangusha mtu na hakuna aliyemwangusha. Alikuwa mfupi, mnyenyekevu, anayependa mkewe, alipanda mti uliokatwa kwa majivuno ya mtu mwingine, akauliza swali la haki, akapewa jibu na mtu aliyekuwa hatazami. Huna deni na jini yeyote. Ukitaka kupigana, pigana kwa ajili yako, kwa kuwa unaipenda kazi; na ukifika ukaona huipendi, rudi, mlango wa nyuma haufungwi komeo.

Na anguka. Akikwambia achia, achia. Mimi nimeona mtu akianguka bila kujua kuanguka, na alikuwa na moyo kuliko mimi na wewe tukichanganywa. Moyo haukumsaidia kitu. Pale hakuhitaji moyo, alihitaji kidevu kifuani na mtu wa kumwambia ukweli.

Mengine niliyojifunza ni machache. Mtu akikuita kutoka juu, akikuuliza jambo, acha ulilokuwa unalisema, geuka, tazama kwa macho yako, ndipo umjibu. Hata kama watu wanacheka. Hasa kama watu wanacheka. Huko ulingoni watakuwa wanakushangilia wengi, na mwenzako atakuwa amelala mikononi mwako kichwa chini, shingo yake umeishika wewe. Usiwatazame wao.

Na ikitokea umelala chini na husikii miguu, akaja mtu mwenye mapenzi na haraka kutaka kukuinua, mfukuze. Mtukane kama ni lazima. Hata kama ni mimi.

Na watu wakikusifia sana kwa kitu kimoja, jiulize nani atapita hapo nyuma yako kwa mguu mfupi. Hilo sikulijua mpaka nilipolijua.

Mama yako nimemwambia jioni hii kwamba nakuandikia. Alikuwa anakukunjia kanga. Akasema, "Yote?" Nikasema yote. Akaendelea kukunja. Baadaye akasema, "Mwandiko wako ni mbaya, andika taratibu aweze kusoma." Basi ndiyo maana unaona herufi zimekaa kama za mtoto wa shule.

Sitaitia barua hii chini ya nguo zako uikute Dar. Nilifikiri hivyo, nikaona ni kumpa mtu mgongo tena. Nitakupa mkononi pale gatini, kabla hujapanda boti ya Nyamisati, na nitasimama mbele yako mpaka umalize. Nitakuwa sina hadithi. Ukitaka kunitemea mate, nitakuwa karibu, hutahitaji kutupa mbali. Ukitaka kupanda boti bila kuniamkia, panda. Nitasema marahaba kimoyomoyo, nawe huna lawama. Na ukighairi safari ukaniambia nikupeleke Bweni ukaone mti, tutakwenda kwa miguu kama gari hakuna. Mti bado umesimama. Vya katikati sikuvikata siku ile, wala siku nyingine. Wanangu wa kuzaa na wa kulea hakuna aliyewahi kuupanda, nimehakikisha, na wakwezi wengine wanaukwepa kwa sababu ya jini. Uongo wangu umefanya hiyo kazi moja tu ya maana.

Mwenyezi Mungu akutangulie, na akushushe salama kila unaposhuka.

Baba yako mkubwa,
Faraji Hatibu wa Miburani

Nimeshatia jina, lakini nimekumbuka kitu na nisipokisema nitakuwa nimeanza uongo tena. Leo baada ya Magharibi nilikuja uani kukwambia haya kwa mdomo. Ulikuwa unaosha viatu, nikakaa karibu, nikakohoa. Ukainua kichwa ukasema, "Baba mkubwa, una neno?" Na mimi nikafoka, mpaka majirani wakachungulia, kwamba nyumba hii haina adabu, kila siku vitu vinapotea, ndoo ya kuogea iko wapi? Ukaacha viatu ukaitafuta. Ukazunguka nyumba kwa tochi ya simu, ukaenda kugonga kwa jirani, ukarudi unaniomba radhi mimi, unasema labda watoto wameichukua kisimani. Nikakwambia iache tu, nikangoja mpaka uingie ndani.

Ndoo nilikuwa nimeikalia.